Wiki sita na wasichana wa chuo kwenye kiwanja cha mpira wa wavu wa mchangani, bichi moja ya Ilemela, Mwanza: mchanga nausifu, ofisi nailalamikia

Naanza na bei maana najua ndo mnachouliza kwanza. Elfu kumi na tano kwa saa siku za kazi, elfu thelathini wikiendi, na wanafunzi mkienda na vitambulisho mnashushiwa mpaka msimbazi mmoja, yaani elfu kumi, kwa saa, ila hiyo ni Jumatatu mpaka Alhamisi tu na saa nne asubuhi muwe mmeshatoka kiwanjani. Sisi tuko kumi na wawili, kila mtu buku mbili, masaa mawili yanalipika na inabaki elfu nne ya maji ya kunywa. Kwa Mwanza hiyo bei sijaiona kwingine, na nimezunguka, kuanzia Luchelele mpaka Igombe, sehemu nyingi ukiuliza kiwanja cha wavu wa mchangani unaoneshwa nguzo mbili zimeegemea na mbuzi kafungwa kwenye moja.

Jina la sehemu sitaji kwa sababu nina mabaya ya kusema na sitaki kesi na mtu, ila ni pale bichi ya upande wa Ilemela yenye mwembe mkubwa getini na boti la zamani limegeuzwa kaunta. Wenyeji mmeshapajua.

Mimi ni kocha wa kujitolea wa timu ya wavu ya wasichana, chuo kimoja huku pande za Nyegezi. Miaka yote tumecheza wavu wa kawaida, ule unaoitwa wa ndani, wachezaji sita, kiwanja cha sementi ambacho ukidaka mpira chini unaamka na goti halina ngozi. Mwaka huu wasichana wenyewe wakasema kocha tujaribu mchangani, wameona kwenye simu mambo ya vyuo vya Marekani, nikasema poa, ila kama ni kuiga tuige vizuri. Ndo maana tuko kumi na wawili. Mchangani mnacheza wawili wawili, ila kule vyuoni timu haichezi kama jozi moja, zinaingia jozi tano za chuo hiki dhidi ya jozi tano za chuo kile, jozi ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili, mpaka ya tano, kila jozi inacheza mechi yake na chuo kilichoshinda mechi tatu kati ya hizo tano ndo kimeshinda siku hiyo. Sa hesabu: jozi tano watu kumi, mmoja wa akiba, na mimi. Kwa timu ndogo kama yetu huo mfumo ni mtamu sana kwa sababu yule msichana wa jozi ya tano ambaye kwenye wavu wa ndani angekaa benchi mwaka mzima anashika maji ya wenzake, huku mchangani mechi yake ina uzito uleule wa mechi ya kapteni.

Haya, siku ya kwanza. Tumefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kutoka Nyegezi mpaka kule ni daladala mbili na boda mwishoni, usiniulize tumeamka saa ngapi. Getini tumepokelewa na mzee mmoja wa makamo, kashika reki. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, mwangaluka, mmekuja kuogelea?" Nikamwambia hapana mzee, tumekuja kucheza. Akatuangalia, akaangalia kiwanja, akacheka kidogo, akasema "Kile? Kile watu huwa wanapigia picha."

Na kweli aisee. Kiwanja ukikitazama kwa mbali kizuri kama kadi ya harusi, mchanga mweupe, ziwa nyuma, mawe yamepangana kule kwa pembeni, ila mimi nilikuja na futi ya fundi kwenye begi. Nikapima kamba za mstari. Kumi na nane kwa tisa. Hicho ni kipimo cha wavu wa ndani! Mchangani kiwanja ni mita 16 kwa 8, kwa sababu mko wawili tu na kukimbia mchangani sio kukimbia kwenye sakafu, ukiwawekea watoto wawili kiwanja cha watu sita unawaua. Nikaenda kuuliza mapokezi, dada wa pale akanijibu bila wasiwasi kabisa kwamba fundi alitoa vipimo intaneti. Sawa, alitoa, ila alitoa vya mchezo mwingine.

Nikapima wavu. Katikati mita 2.31, pembeni 2.38, yaani umening'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Wanawake ni 2.24, wanaume 2.43, na pembeni hairuhusiwi kuzidi katikati kwa zaidi ya sentimita mbili. Sasa huu wetu haukuwa wa wanawake wala wa wanaume, sijui ulikuwa wa nani.

Ila wavu wenyewe kama wavu, hapo nawapa maua yao. Haujanunuliwa dukani, umesukwa na fundi wa nyavu wa huko mwaloni, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni nyavu za samaki, uzi mnene, mafundo yamekazwa, juu kashonea turubai la bluu kama mkanda. Tumeupiga mipira wiki sita haujachanika jicho hata moja, na ile wavu ya dukani tuliyonayo chuoni ilimaliza wiki tatu ikaanza kutoa nyuzi. Nilijiuliza kwa nini vyuo vyote huku kanda ya ziwa tunaagiza nyavu za michezo Dar wakati tumezungukwa na watu wanaosuka nyavu toka wana miaka kumi.

Kina cha mchanga. Hapa wadau wengi hawaangalii na ndo sehemu ya hatari zaidi. Mchanga unatakiwa ushuke angalau sentimita 40, mlaini, bila mawe. Nimeomba nondo kwa mzee, nikaifunga kitambaa kwenye alama ya 40, tukaanza kuchoma sehemu mbalimbali. Upande wa ziwani inazama mpaka kitambaa kinafukiwa, safi. Katikati safi. Kona ya upande wa barabarani, nondo ikafika kama ishirini na mbili hivi ikalia kliiing. Jiwe. Mwanza bwana, ukichimba futi moja umekutana na jiwe, ukichimba mbili umekutana na baba yake. Mzee akasema hilo analijua, alimwambia bosi, bosi akasema watu wa picha hawaruki.

Sisi tunaruka.

Basi suluhisho likatoka kwa mzee mwenyewe sio ofisini: tusogeze kiwanja. Maana kama tunapunguza kutoka 18 kuja 16 na kutoka 9 kuja 8, tuna mita mbili na mita moja za kuchezea, tukikwepesha kuelekea ziwani ile kona ya jiwe inabaki nje kabisa ya mstari. Na nguzo bahati nzuri zilikuwa zimesimamishwa kwenye matairi yaliyojazwa zege zikafukiwa, kwa hiyo tukazifukua tukazisukuma watu wote kumi na watatu, mzee akiwemo, huku tunahesabu moja mbili tatu. Mmoja wa wasichana anasoma ualimu wa hesabu, akasema tusiamini macho tupime kona kwa kona, 16 na 8 inatakiwa itoe 17.89, tukavuta futi, ya kwanza 18.10, tukasogeza kigingi, 17.95, tukasogeza tena, mpaka ikakaa. Saa moja nzima ya kwanza tuliyolipia tumeimaliza kupima. Sikuidai. Nilitakiwa kuidai lakini nilikuwa na furaha.

Kamba za mstari hizo ni manila za bluu, zile za kufungia mizigo kwenye fuso. Zinaunguza mguu ukiteleza juu yake. Tumewaambia wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mistari inatakiwa iwe mikanda bapa ya upana wa sentimita tano, mkanda wa begi tu unatosha jamani, fundi cherehani wa Makoroboi anawashonea kwa siku moja. Mpaka naandika hapa ni manila.

Mpira wao pia msiupokee. Walitupa wa wavu wa ndani umejazwa mpaka unalia kama embe bichi. Mpira wa mchangani presha yake ni ndogo, kwenye kitabu cha sheria ni 0.175 mpaka 0.225 kwa kile kipimo cha kilo kwa sentimita ya mraba, wa ndani unaanzia 0.30, kwa hiyo ukiushika wa mchangani kama umezoea wa ndani unaona kama umepungua upepo. Nendeni na wenu, nendeni na pampu yenu, na sindano ya akiba maana ya kwetu ilikatikia ndani ya mpira siku ya pili na pale hawana.

Upepo. Hii nimeijifunza pale na naona ni faida ya hicho kiwanja ambayo hata wao hawaijui. Asubuhi ziwa limelala, mpira ukiupiga servisi unaenda ulikoutuma. Ikifika kama saa saba hivi upepo unaanza kutoka ziwani kuja nchi kavu, na kiwanja kimekaa kwa namna kwamba upande mmoja unapigwa usoni na mwingine unapigwa mgongoni. Servisi ileile, mkono uleule, upande huu inadondoka kabla ya wavu, upande ule inatoka nje mita mbili. Ndo maana mchangani mnabadilishana pande kila pointi saba, seti za kwanza zinazoenda mpaka 21, na ile ya tatu ya 15 mnabadilishana kila tano, ili mateso yagawanywe sawa. Wasichana walikuwa wanaona ni usumbufu tu, tunahama hama nini kama kuku, mpaka siku tuliyocheza mchana wakaelewa bila mimi kusema neno. Kwa hiyo kama mnajiandaa na mashindano msikariri asubuhi peke yake, lipieni angalau mara moja ile bei ya mchana muonje. Viatu vya kutembelea mbebe, mchanga wa saa saba ule unakaanga.

Kati ya saa la kwanza na la pili huwa tunakaa chini ya mwembe. Pale ndo stori zote zinapigwa na ndo pale kapteni wangu aliniuliza swali ambalo kila mwanafunzi anauliza: kocha huu mchezo unatufikisha wapi? Nikamjibu nilivyojua. Kule Marekani chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliuweka kwenye orodha ya michezo ya wanawake inayochipukia mwaka 2010, enzi hizo wakiuita wavu wa mchanga, jina la wavu wa ufukweni lilikuja baadaye, mwaka 2015. Sheria yao mchezo wa namna hiyo unatakiwa ufikishe vyuo 40 ndo upewe ubingwa rasmi, na huu ulifika haraka kuliko watu walivyotegemea, ubingwa wa kwanza ukachezwa Mei 2016 kule Gulf Shores, Alabama, chuo cha USC cha California wakabeba. Ni wa wanawake tu. Kwa nini ulikua haraka hivyo? Sababu nyingi ni za pesa na hesabu. Kule kuna sheria ya mwaka 1972 inayovibana vyuo vitoe nafasi za michezo kwa wanawake sawa na wanaume, sasa chuo kinachotafuta nafasi za wasichana kinaangalia, huu hauhitaji ukumbi, hauhitaji timu kubwa, wachezaji wengine wanatoka kwenye timu yao ya wavu wa ndani, mwaga mchanga anza. Na sio kwamba ni vyuo vya baharini peke yake, kuna timu katikati ya nchi huko ambako bahari wanaiona kwenye ramani.

Kapteni akasema sawa, hao Wamarekani, sisi je. Nikamwambia twende Tokyo, ile Olimpiki ya 2020 iliyochezwa 2021. Kenya walipeleka jozi ya wanawake, Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi, mara ya kwanza Kenya kuonekana kwenye wavu wa ufukweni wa Olimpiki. Kwenye kundi lao wakapangwa na Brazil, Latvia na Marekani. Walipoteza mechi zote tatu. Sasa angalia waliokuwa upande wa pili wa wavu: Wamarekani ni Kelly Claes aliyechezea USC na Sarah Sponcil aliyechezea chuo cha UCLA, na kwenye jozi ya Latvia yupo Tina Graudina, naye kacheza USC. Kwa hiyo jozi mbili kati ya hizo tatu zilikuwa na watu waliopikwa kwenye mchanga wa chuo, miaka minne wanacheza kila wiki, na walimu, na ratiba, na mtu wa kuwachua misuli. Wenzetu walikuwa wanatoka kwenye wavu wa ndani. Hawakuzidiwa moyo, walizidiwa masaa ya mchangani.

Palikuwa kimya kidogo. Halafu yule wa hesabu akasema kwa hiyo kocha sisi tunanunua masaa ya mchangani kwa elfu kumi kumi. Ndo hivyo.

Mavazi, maana najua kuna wazazi wanasoma. Wiki ya pili baba wa mmoja wa wasichana alinipigia, kasalimia vizuri, kauliza vizuri, "Mwalimu, nasikia mchezo huo wanacheza nusu uchi." Nikamwambia mzee wangu hapana, tangu 2012 sheria za dunia zinaruhusu kaptula na fulana za mikono, na wanaovaa suruali za kubana na kilemba wanacheza pia, kwenye Olimpiki kina dada wa Misri wamecheza hivyo mbele ya dunia nzima. Wetu wanavaa taitsi na fulana ya timu, wawili wanavaa hijabu, na hakuna pointi iliyopungua. Alichonijibu ni "haya, mradi asiache kusoma."

Tatizo la mavazi pale sio wasichana, ni wapiga picha. Jumamosi kuna vijana wanazunguka na kamera wanapiga watu halafu wanakuuzia picha, wengine wanapiga bila kuuliza, na ofisi ukiwaambia wanakwambia ndo biashara ya bichi. Mzee wa reki ndo aliwafukuza. Kasimama tu mbele ya kamera na reki yake, hajasema kitu.

Sasa nifike kwenye kilichoniuma. Wiki ya nne tulipanga mechi ya kirafiki na wenzetu wa chuo kingine, jozi tano kwa tano kama nilivyoeleza, ya kwanza kwetu. Jumamosi, saa mbili asubuhi mpaka saa tano, nimelipia tisini elfu kwa simu siku tisa kabla, meseji ninayo, jibu lao "imepokelewa karibuni sana" ninalo. Tumefika, wao wamefika na basi dogo la kukodi, tunaingia getini tunaona turubai. Turubai kubwa jeupe katikati ya kiwanja, viti vimefungwa utepe wa pinki, vigingi vya chuma vimepigwa nyundo ndani ya mchanga wetu, wavu umekunjwa umetupwa nyuma ya jiko. Bebi shawa. Nimeenda kwa meneja, akanishika mkono kabisa, "Dada angu pole jamani, hawa wamelipa laki nane, mngekuwa nyie mngefanyaje?" Mimi ningefungua daftari nione nani kaandikwa kwanza, ndo ningefanya hivyo. Akatuambia tusubiri wakimaliza saa kumi. Wanafunzi ishirini na kitu, na basi la watu la kukodi.

Tulicheza. Mzee alituonesha kipande cha ufukwe nje ya uzio, tukafunga wavu kati ya mti na nguzo ya taa, mistari tukachora kwa fimbo na kila baada ya pointi tatu nne tunachora upya, wavuvi wakasimama kuangalia, watoto wakawa waokota mipira, na wale wa bebi shawa wakaanza kutoka mmoja mmoja na sahani zao kuja kuangalia. Tulishindwa, mbili kwa tatu. Jozi ya tano ndo iliyoamua, seti ya tatu, 16 kwa 14. Pesa ilirudi baada ya siku kumi na moja na simu saba, na ikarudi themanini, nikiuliza elfu kumi wanasema ni makato. Makato ya nini sijajua mpaka leo.

Na haikuishia hapo. Jumanne iliyofuata tumerudi, msichana mmoja kaenda kuokoa mpira kaanguka vizuri tu kama nilivyomfundisha, kanyanyuka damu kwenye unyayo. Kioo. Kipande cha glasi cha ukubwa wa ukucha kutoka kwenye sherehe. Tumeomba boksi la huduma ya kwanza, likaletwa, ndani kuna panadol mbili na mkasi. Kidonda tumesafisha kwa maji ya kunywa tumefunga kwa kitambaa cha kichwa cha kapteni, boda mpaka zahanati, nyuzi tatu. Mimi siku hiyo niliandika ujumbe mrefu sana wa nyota moja, nikaufuta, kwa sababu ya alichofanya yule mzee.

Alienda akaleta chekeche. La kuchekechea mchanga wa kupiga lipu, lile la fremu ya mbao na waya. Akaliegemeza kwenye nguzo akaanza kurusha mchanga koleo moja moja, kuanzia kona ya kwanza. Hajaambiwa na mtu. Tulivyoona hivyo tukagawana, wengine koleo, wengine mikono, na vitu vilivyotoka humo jamani: vizibo vya soda, vijiti vya mishkaki, mfupa wa sato mzima na kichwa, hereni moja ya dhahabu feki, betri ya rimoti, na vipande vingine vitano vya glasi ambavyo tulivipanga juu ya boti la kaunta tukaenda kumuita meneja aje aangalie. Alikuja akaangalia. Kesho yake nikapigiwa simu na bosi mwenyewe, sijui nani alimpa namba, akasema kuanzia sasa turubai litafungwa kwenye majani na glasi haziruhusiwi mchangani, vikombe vya plastiki tu. Mpaka sasa naona wanafuata. Mzee anachekecha kila Jumatatu, na nimesikia kaongezewa kitu kwenye mshahara, japo yeye ukimuuliza anasema wabeja tu, yaani asante kwa Kisukuma, halafu anabadilisha mada.

Choo kisafi. Shawa ziko mbili inafanya kazi moja, kwa hiyo watu wanashawishika kwenda kujisafisha ziwani, mimi wangu nimewakataza, lile ziwa lina kichocho na upande ule kuna matete ambako konokono wa kichocho ndo wanakaa, bora upange foleni na mchanga wako masikioni.

Chakula, msiagize sato kama mna haraka. Elfu kumi na nane, saa moja na dakika arobaini, alikuja mtamu sana huwezi kukasirika ila kipindi cha saa nne kilishaanza chuoni. Kuna mama nje ya geti anauza chai ya tangawizi na vitumbua vya moto, buku unashiba, huyo apewe nyota zake tano peke yake.

Nikijumlisha sehemu yenyewe naipa nyota tatu na nusu. Mchanga ukishapimwa na ukishachekechwa ni mzuri kweli, magoti ya wasichana yamepona, wale waliokuwa wanaruka kwa tabu sasa wakirudi kwenye sementi wanapaa. Nusu imekatwa kwa manila, moja imekatwa kwa ile Jumamosi na yale makato ya elfu kumi, ambayo bosi kama unasoma hapa bado nayadai. Kama ni chuo nendeni asubuhi siku za kazi, lipieni mkifika sio kabla, na risiti mchukue. Kama ni bebi shawa kuna majani mazuri sana upande wa kulia.

Halafu mkifika msalimieni mzee. Tulimfundisha sheria ili atusaidie uamuzi na sasa hatupumui. Juzi kapteni kagusa mpira kwenye bloku, mwenzake kapokea, kapteni akainua, mwenzake akapiga, pointi safi, tunashangilia, tunasikia filimbi. Bloku mchangani inahesabika kama mguso wa kwanza, hiyo ilikuwa ya nne. Kapteni kabisha, "Mzee sijagusa!" Mzee kanyoosha reki kuonesha kidole cha kapteni, kucha ilikuwa imekatika, akasema "Na hiyo imeliwa na nani?"